Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Mtandaoni Isiyofanana na ya Kila Mtu

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni kadi za salamu zinazotumwa kwa mtandao. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba maswali ya wengine wengi, na nyingine tumezijibu kwa kadiri ya uzito wake.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Dada yangu yuko Maskati kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila Idi na kila siku yake ya kuzaliwa humtumia kadi kwa simu. Mwaka huu aliniambia kwa utani kwamba kadi yangu ya Idi, yenye taa, msikiti na maua ya waridi, alikuwa ameshatumiwa na watu sita kabla yangu. Nimetafuta mtandaoni, lakini kila tovuti inanionyesha maua yale yale. Je, kadi zisizo za kawaida hupatikana wapi, na ni lazima kuzilipia? (Bi. A., Tanga)

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Dada yako amesema kweli, na kosa si lako. Mtambo wa kutafuta kama Google hutanguliza matangazo yaliyolipiwa, kisha kurasa ambazo tovuti nyingine nyingi huzirejelea, na mtu anayeandika «kadi nzuri za Idi za bure» anaandika maneno yale yale yanayoandikwa na wengine wengi siku hiyo hiyo, kwa hiyo anapewa taa ile ile na waridi lile lile. Dawa ya kwanza ni kuacha kutafuta sherehe na kuanza kutafuta kitu. Ikiwa dada yako anapenda paka, majahazi, cherehani au mikarafuu, andika jina la kitu hicho, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu, kwa kuwa kila lugha hufungua ghala lake. Ongeza neno linaloeleza namna kadi ilivyotengenezwa, kama vile «iliyochorwa kwa mkono». Na ukiona tovuti moja inajirudia mno, andika jina lake mwishoni likitanguliwa na alama ya kutoa bila kuacha nafasi, nayo itaondolewa katika majibu.

Dawa ya pili ni kuwaendea wachoraji badala ya maduka makubwa ya kadi. Mfano ninaoupenda ni wa Jacquie Lawson, mchoraji wa Uingereza kutoka kijiji cha Lurgashall, West Sussex, ambaye mwaka 2000 alitengeneza kadi ya Krismasi yenye picha zinazotembea, akamchora mbwa wake mwenyewe na nyumba ya kijijini katika theluji, akaituma kwa marafiki wachache. Marafiki wakawapelekea marafiki zao, na kadi ikazunguka dunia hata watu wasiomjua wakaanza kumwandikia wakiomba nyingine. Leo tovuti yake hutoza ada ya mwaka, na aliyelipa hutuma kadi nyingi apendavyo. Kadi hizo zina mwendo wa taratibu na muziki wa ala, wala huwezi kuzichanganya na za mtu mwingine. Lakini ni kadi za Kiingereza hasa, zenye theluji na bustani za kwao, na mtu aliyekulia Tanga ataziona nzuri bila kujiona ndani yake. Iwapo utaamua kulipa, hapo au kwingineko, tumia kadi ya benki au kadi pepe ya Visa unayoweza kuifungua kupitia pesa za simu, uiwekee kiasi kinachohitajika tu, kwa sababu huduma nyingi za aina hii hujiongezea mwaka mwingine zenyewe usipozizuia mapema.

Ipo pia JibJab, iliyoanzishwa mwaka 1999 na ndugu wawili wa Marekani, Gregg na Evan Spiridellis, ambayo humwezesha mtu kubandika sura yake na za jamaa zake juu ya vibonzo vinavyocheza dansi. Wajukuu watavunjika mbavu. Dada mwenye heshima zake huenda asicheke, hivyo hilo nakuachia wewe unayemjua.

Sasa niseme nionavyo mimi: kadi isiyo ya kawaida mara nyingi haiko kwenye tovuti za kadi. Shirika la anga la Marekani, NASA, lina ukurasa ambapo unachagua mwezi na tarehe ya kuzaliwa, nao unakuonyesha picha ambayo darubini ya Hubble, iliyorushwa angani mwezi Aprili 1990, iliwahi kuipiga katika tarehe kama hiyo. Unaipakua picha, unaandika juu yake «Siku kama yako, mbingu zilikuwa hivi», na hapo umepata kadi ambayo jirani yako hawezi kuituma kwa mtu wake ila kama wamezaliwa tarehe moja. Tovuti ya Jigsaw Planet hukuruhusu kupakia picha na kuikatakata kuwa chemshabongo ya vipande, kisha unatuma kiungo tu; hebu fikiria dada yako akiunganisha vipande sitini bila kujua vinaunda nini, mpaka uso wa nyumba mliyozaliwa utokeze mbele yake. Usiweke humo picha za watoto, kwani tovuti za namna hii huweza kuonyesha kazi za watu kwa umma. Na kama una sikio la muziki, Song Maker, iliyo ndani ya Chrome Music Lab ya Google, hukuwezesha kupanga noti kwa kubofya vijiraba vya rangi hadi upate sauti ya wimbo mfupi, kisha ukapeleka kiungo chake. Yote haya ni bure, ukiacha bando.

Makumbusho nayo ni hazina ambayo wasomaji wetu hawaitumii vya kutosha. Mwaka 2017 Metropolitan Museum of Art ya New York ilifungua picha za mamia ya maelfu ya vitu vyake ili mtu yeyote azitumie bila malipo na bila kuomba ruhusa, na Rijksmuseum ya Amsterdam ilikuwa imeshafanya hivyo kwa sehemu kubwa ya hazina yake. Humo mna vigae vya Kiislamu, hati za kaligrafia, vitambaa vya India na michoro ya ndege inayofaa kabisa kuwa uso wa kadi. Lakini kwa dada aliye Maskati ningekwenda kwanza kwenye mkusanyo wa Winterton, uliohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani na kuwekwa mtandaoni, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya mwaka 1860 na 1960. Kutazama hakuna gharama. Kabla ya kuisambaza picha yoyote, soma masharti yaliyoandikwa chini yake, na ukishaitumia taja mahali ulipoitoa, hata kwa maandishi madogo pembeni.

Na bado sijafika ninapotaka kufika, mwalimu. Kanga ni kadi ambayo sisi tulikuwa nayo zamani, kabla ya mtandao: ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyochaguliwa na anayeitoa ili yasomwe na anayeipokea. Fungua sanduku lako, toa kanga ambayo dada yako anaikumbuka, pengine ya mama yenu, itandaze juu ya jamvi karibu na dirisha asubuhi, wakati jua halijawa kali, uipige picha ukiwa umesimama juu yake ili pindo zisipinde. Acha jina lisomeke lote. Katika programu ya bure kama Canva unaweza kuongeza jina la dada yako na tarehe, bila kurundika maua mengine juu ya maua ya kanga. Ila uyasome maneno vizuri kabla ya kutuma, kwa sababu kanga haina simile: «Wema hauozi» itapokewa kwa furaha na kila mtu, lakini ukimtumia wifi yako «Mdhaniaye ndiye kumbe siye» kwa kuwa tu ulipendezwa na rangi, utatumia mwezi mzima kueleza ulichokusudia.

Neno moja la ufundi. Kadi itakayoonwa kwenye simu iwe ya wima, pikseli 1080 kwa 1920 zinatosha, na ukiituma kwa WhatsApp ipeleke kama hati badala ya picha, kwa maana WhatsApp huzibana picha za kawaida na maandishi madogo ya kanga ndiyo ya kwanza kufifia.

SWALI: Nimeona kwamba tovuti nyingi za kadi hukubali kupangiwa tarehe ya kutuma. Nina jamaa wengi walio nje na ningependa kuzipanga kadi zote za mwaka mara moja. Je, naweza kuuamini utaratibu huo? (B.K., Nairobi)

JIBU: Kwa siku za kuzaliwa na Krismasi, ndiyo, ila uangalie saa. Tovuti nyingi za Marekani huhesabu siku kwa saa za huko, na New York iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kutegemea majira. Kadi inayotoka huko saa 6 usiku, siku inapoanza, humfikia mtu wa Nairobi saa 1 au saa 2 asubuhi, jambo ambalo halina ubaya, lakini kadi iliyopangwa kutoka jioni ya huko itafika kwetu sherehe imekwisha na sahani zimeshaoshwa. Kama tovuti inakuruhusu kuchagua eneo la saa, chagua la mpokeaji, si lako.

Kwa Idi, usipange kabisa. Mwezi huandama kwa wakati wake, na mara nyingine Oman na Afrika Mashariki husherehekea siku mbalimbali. Nasema kwa kuumwa na nyoka: mwaka mmoja nilipanga kadi ya Idi wiki mbili kabla, nikajiona nimewahi, na mjomba wangu akanijibu saa 4 asubuhi, «Ahsante mwanangu, lakini sisi huku bado tumefunga.» Tangu hapo huandaa kadi mapema, naiweka ndani ya simu, na naituma kwa mkono wangu baada ya mwezi kutangazwa kule aliko mpokeaji.

SWALI: Nimepokea ujumbe unaosema «Ndugu yako amekutumia kadi ya kushangaza, bofya hapa uione», pamoja na kiungo kisicho na jina la mtu. Nilipobofya niliombwa namba ya simu na kuambiwa niusambaze kwa makundi kumi. Niliacha hapo hapo. Je, nilifanya sawa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ulifanya sawa kabisa. Hila hii ni ya zamani. Mwaka 2007 virusi vya kompyuta vilivyojulikana kama Storm vilienea duniani kwa baruapepe zilizojifanya kadi za salamu, zikimwambia mtu kwamba amepata kadi kutoka kwa jamaa yake bila kumtaja jamaa huyo, na hicho kitendo cha kutotaja jina ndicho alama ya kwanza ya kushuku mpaka leo. Kadi ya kweli hutaja aliyeituma, na mara nyingi hutaja jina lako kama alivyoliandika yeye. Haikuombi neno la siri wala namba ya siri ya pesa za simu, haikulazimishi kuisambaza ndipo ifunguke, na wala haikutaki usakinishe kitu. Ukipelekewa «kadi» ambayo ni faili lenye jina linaloishia na .apk, hilo si kadi bali ni programu inayotaka kuingia ndani ya simu yako, lifute. Unapokuwa na shaka, mpigie anayedaiwa kukutumia. Na kwa upande wa pili, wewe unapotuma kadi ya kiungo, mtangulizie mpokeaji maneno mawili matatu ambayo ni wewe tu ungeweza kuyaandika, ili naye asikushuku.

SWALI: Mwaka 2009 marehemu mume wangu alinitumia kadi nzuri sana yenye ndege wanaoruka, na kiungo chake ninacho bado katika baruapepe. Sasa ukurasa unafunguka mweupe. Je, kuna namna ya kuipata tena? (Mama J., Mwanza)

JIBU: Pole sana, Mama J. Kadi nyingi zenye mwendo za miaka ile zilitengenezwa kwa Flash, teknolojia ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuiwa isifanye kazi, hivyo hata mahali ambapo kadi yenyewe haijafutwa, vivinjari vya leo haviwezi kuionyesha. Jaribu mambo mawili. Kwanza, nakili anwani yote ya kiungo chako uiweke katika Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani inayoendeshwa na Internet Archive, uchague tarehe iliyo karibu na ile uliyoipokea. Hifadhi hiyo huwa na programu iitwayo Ruffle, ambayo huiga kazi ya Flash, na baadhi ya kadi hufufuka nayo. Pili, kama uliwahi kuipakua na una faili lenye jina linaloishia na .swf, Ruffle hiyo hiyo inaweza kulifungua kwenye kompyuta yako.

Nisikupe matumaini ya uongo, kwani kadi iliyoandikwa maneno ya mtu binafsi mara nyingi haikuhifadhiwa. Pengine utapata ndege bila maneno yake. Baruapepe yenyewe ichapishe leo, ikiwa na tarehe na jina lake, kwa sababu hiyo ipo mikononi mwako.

Barua ya Mama J. inanikumbusha kuwaambia na wengine kwamba tangu mwanzo kadi za aina hii hazikukaa kwa mpokeaji. Huduma inayohesabiwa kuwa ya kwanza, The Electric Postcard, iliyoanzishwa na Judith Donath mwaka 1994 katika maabara ya MIT huko Marekani, iliacha kadi kwenye tovuti na kumwita mpokeaji aende kuitazama, na utaratibu huo umeendelea. Tovuti ikifungwa, kadi inakwenda nayo. Na zinafungwa au kubadili mikono: Blue Mountain, iliyokuwa ikigawa kadi bure na kupendwa na mamilioni, ilinunuliwa mwaka 1999 kwa takriban dola milioni 780, na mwaka 2001 ikauzwa tena kwa dola milioni 35, kisha kadi zake zikaanza kulipiwa. Kwa hiyo kadi unayoipenda irekodi kwenye skrini ya simu siku ile ile uliyoipata. Simu janja nyingi za sasa zina kitufe cha kurekodi, na faili linalobaki ni lako.

SWALI: Je, inafaa kutuma kadi ya mtandaoni kwa aliyefiwa? (R., Dodoma)

JIBU: Mpigie simu kwanza, au mwende. Baada ya hapo, kadi tulivu isiyo na muziki wala vitu vinavyorukaruka, yenye jina la marehemu limeandikwa bila makosa, haina ubaya. Usimtumie kiungo cha kubofya mtu aliye matangani.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa ninaishi Minneapolis. Mama yangu ana simu ya kabambe isiyofungua picha, wala hataki nyingine. Zamani alikuwa akituma kadi za salamu redioni na kusikiliza jina lake likisomwa. Ningependa kumpelekea kitu cha pekee siku ya Idi, lakini kadi zote ninazoziona zinahitaji simu janja. Nifanyeje? (Binti wa Mombasa)

JIBU: Umeshajijibu nusu, binti. Mtu aliyezoea kadi za salamu za redio, akijaza majina ya ndugu na jirani kwenye vijimistari na kungoja mtangazaji ayasome, anajua kwamba kadi ni jina lake kutamkwa na mtu aliyemkumbuka. Zipo redio nyingi za Pwani zinazosoma salamu mpaka leo na kuzipokea kwa WhatsApp au kwa meseji. Tafuta ile anayoisikiliza mama, tuma salamu zako kutoka huko uliko siku moja kabla, uwataje na majirani zake ili wawe mashahidi, kisha umpigie umwambie afungue redio saa fulani bila kumweleza sababu.

Njia ya pili ni shairi. Simu yake haifungui picha, lakini inasoma meseji, na meseji moja huchukua herufi 160 ukihesabu na nafasi. Ubeti mmoja wa tarbia, yaani wa mishororo minne, wenye mizani (silabi) kumi na sita kila mshororo, huingia humo kwa shida kidogo, na shida hiyo ndiyo utamu wake. Nimejaribu huu kwa niaba yako, nawe uubadilishe utakavyo:

Kadi nenda kwa salama, umfikie nyumbani,
Umwambie wangu mama, nimo katika amani,
Mfungo sasa wakoma, twamuomba Rahamani,
Atupe umri mwema, tuonane na mwakani.

Unaingia katika meseji moja na nafasi mbili zinabaki. Usiongeze kikaragosi cha mwezi wala cha moyo mwishoni, kwa maana kimoja tu hushusha kikomo cha meseji kutoka herufi 160 hadi 70, na huenda mama akapokea ubeti wake umekatwa vipande.